Siku Nne za Kupumzika

Kuhmo, 28 Mei

Mdogo wangu Jarkko,

Hujambo huko Helsinki? Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu, na Mama ndiye yule yule wa kusahau kidogo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu, kila nikifika kwenye jambo lenyewe, wewe unaitwa mkutanoni.

Tunakuja tarehe kumi Juni, siku nne: mimi, mume wangu, binti yetu Venla, na Mama. Tangu Mama ahamie kwetu ni miaka mitano, na sijatoka Kuhmo hata siku moja. Tafadhali usitutembeze. Nataka kukaa kwenye kibaraza chako ninywe kahawa ikiwa bado ya moto. Mama mshike wewe.

Dada yako,
Outi

Helsinki, 3 Juni

Dada Outi,

Salamu kwako, kwa shemeji Raimo na kwa wote, na pole ya mgongo. Karibuni mno! Usiwe na wasiwasi, nimepanga ratiba nyepesi kabisa. Alhamisi ni maktaba mpya, halafu feri ya kwenda ngomeni kisiwani. Ijumaa makumbusho mawili tu, kisha bwawa la kuogelea la bandarini, na saa moja kamili chakula cha jioni, meza nimeshahifadhi. Jumamosi nitawaambia mkifika. Mtapumzika mpaka mchoke!

Mdogo wako,
Jarkko

Kuhmo, 19 Juni

Jarkko,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo, ila hasira haijaisha.

Ijumaa ile miguu ya Mama ilikuwa imeshavimba. Nilikuomba jambo moja tu: pale bwawani, nikae saa moja kwenye kiti, wewe ukae na Mama. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, ulikuwa kule mbali unaongea na simu, umetugeuzia mgongo, na kiti cha Mama kitupu.

"Mama yuko wapi?"

"Si alikuwa hapa sasa hivi?"

Venla analia, Raimo anakimbia huku na huku na kaptula ya kuogelea. Dakika hamsini, Jarkko! Mama wa miaka themanini na moja, kapanda tramu, ile treni ya barabarani, kwa soksi bila viatu, anamwambia dereva amshushe Kuhmo, kilomita mia sita! Yule dereva, Mungu ambariki, alimvika koti lake mwenyewe. Na wewe ukasema nini? "Basi, si amepatikana? Tukiwahi, meza yetu bado ipo."

Halafu kule stesheni, nilipokuomba umchukue Mama hata mwezi mmoja, ukatazama saa. "Tutaongea, dada." Tutaongea lini?

Dada yako,
Outi

Helsinki, 27 Juni

Dada,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekasirika.

Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia Mama "anasahau kidogo". Kidogo! Siku zote nne ameniita kwa jina la Baba. Alinikuta jikoni akaniuliza kama ng'ombe nimeshakamua. Ungeniambia ukweli, nisingemwachia mkono hata dakika moja pale bwawani. Unataka kuonekana unaweza kila kitu, halafu unanilaumu kwa kuwa nimekuamini.

Mimi naishi kwenye vyumba viwili na nafanya kazi mpaka jioni. Nimeulizia nyumba ya wazee hapa jirani. Nafasi ipo. Fikiria.

Mdogo wako,
Jarkko

Kuhmo, 6 Agosti

Mdogo wangu Jarkko,

Habari za siku nyingi. Sikujibu kwa sababu kila barua niliyoanza ilikuwa matusi matupu, nikaitia motoni, kwenye jiko la sauna. Lakini kuhusu lile neno "kidogo", ulisema kweli. Niliona aibu kwa niaba ya Mama. Sikutaka umwone hivyo.

Juzi nilianguka ghalani. Daktari anasema mgongo upasuliwe, na baadaye miezi miwili nisiinue hata ndoo. Kwa hiyo Alhamisi Raimo anamleta Mama kwa treni ya mchana. Sikuombi, Jarkko, nakuarifu. Habari ya nyumba ya wazee sitaki kuisikia kabla hujakaa naye.

Anakula uji wa shayiri, mkate unamkwama. Mlango ufunge kwa komeo la juu. Akikuita Baba, itika.

Dada yako,
Outi

Helsinki, 5 Septemba

Dada Outi,

Umeamkaje, na kidonda kinaendeleaje? Mama mzima, anakula vizuri. Mimi ndiye si mzima.

Kila asubuhi anavaa koti na kusimama mlangoni. Nikimvua, analivaa tena. Wamenipunguzia siku za kazi, baada ya mimi na bosi kufokeana mbele ya watu. Jumanne Mama alimwaga uji juu ya kompyuta yangu. Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, kisha nikajifungia bafuni nikalia kama mtoto. Nilipotoka, yeye alikuwa ananifutia meza kwa sweta langu. Ni wiki tatu tu, Outi! Wewe miaka yote mitano ulikuwa unafanyaje? Kwa nini hukunifokea mapema?

Jana tulikuwa tunamenya viazi. Akanitazama kwa muda, akauliza, "Kijana, wewe una dada?"

"Ninaye, Mama."

"Na huyo dada, nani anamsaidia?"

Nikachukua kiazi kingine. Akaendelea kumenya.

Raimo ameniandikia kwamba mnapanga kuja kumchukua Oktoba. Msije. Nimechoka, nina hasira, na nyumba nzima inanuka uji ulioungua. Lakini msije kabla theluji haijayeyuka, mwezi wa nne.

Mdogo wako,
Jarkko