Mshahara wa Anyango

Jumapili, Makongeni

Fomu ya kuchagua kozi ya chuo, ikiwa na sahihi ya mzazi, inatakiwa shuleni kesho, na hadi saa kumi leo nilikuwa sijaandika chochote.

Anyango, jirani yetu, alikuwa akinisuka. Ana digrii ya sayansi ya siasa, ile ninayoitaka mimi. Anayesukwa hamwoni msusi usoni, kwa hiyo nilithubutu kumuuliza analipwa ngapi.

Mikono yake ikasimama. "Haki, huyu mtoto mkimya! Kumbe una maneno?"

Lakini alinijibu. Ofisini anapata elfu thelathini, na elfu nne hukatwa kulipa mkopo wa chuo. Alikaa miaka miwili bila kazi huku riba ikipanda. Ndiyo maana Jumapili anasuka.

"Ungeichagua tena?"

"Ningeichagua. Ila ningeanza kusuka nikiwa mwaka wa kwanza."

Wakati wa chakula cha jioni nilisema nimechagua sayansi ya siasa. Baba, anayetaka niwe mwalimu, aliuliza nani atalipa mkopo wangu. Nikasema hata ualimu nitausoma kwa mkopo uleule. Akasukuma sahani kando, akaomba kalamu.

Ametia sahihi. Siasa ni chaguo langu la kwanza. Sasa naogopa kuliko nilivyoogopa kabla hajatia.