Maji Niliyojazia Chupa ya Binti Yangu

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi nipokelee heshima tu. Mume wangu anakusalimu, goti lake linaendelea vizuri, mama mkwe anakusalimu ingawa anasema unaongea haraka mno, mwanangu mkubwa na mkewe wanakusalimu, mjukuu anasalimia kwa kelele, na binti yangu angekusalimu ila hajui kama nakuandikia, na habari yenyewe ni yake.

Mimi sikusoma sana, unisamehe mwandiko, lakini yeye amesoma mpaka yuko maabara ya maji, bado kwenye miezi ya majaribio ya kazi, anatafuta ile kemikali ya kulainisha plastiki, maana anasema ndiyo inayofanya mpira wa maji ukunjike na kandambili zisikatike, na huvuja kidogo kidogo ikaingia majini. Wana kijiti chembamba kimepakwa kitu cha kuinasa, wanakitumbukiza, wanapitisha umeme kidogo sana, na kwenye kompyuta unajichora mstari, ukiinuka kama kilima basi imo.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani na chupa tano za kioo zenye maji ya visima vitano, azipeleke kazini asubuhi, akasema mama usiziguse, nami sikuzigusa, nilikuwa napangusa meza tu, chupa ya kisima chetu ikaanguka, haikuvunjika lakini kifuniko kilifunguka maji yote yakaisha. Nikaona maji ya pipa letu la plastiki pale nje juani si yametoka kisima hicho hicho, nikayavuta kwa ule mpira laini wa kuchotea, nikajaza, nikafunga, nikanyamaza.

Kesho yake alirudi uso umemshuka. "Mama, visima vinne mstari umelala, chetu umeinuka mlima. Nimerudia mara tatu."

Nikamwambia, "Labda mashine imechoka."

"Mashine haichoki, mama. Wewe ndiye umechoka, pumzika."

Basi kisima kimefungwa mnyororo, tunachota ng'ambo ya barabara kuu, na mzee anayekitunza amekuwa kichekesho, jirani kamwambia mbele yangu, "Mzee, kumbe miaka yote ulikuwa unatunywesha supu ya kandambili!" watu wakacheka, yeye akaendelea kufagia pale ambapo hapachotwi tena, nami nikajifanya natafuta kitu ndani ya ndoo. Alhamisi binti yangu anasoma ripoti mbele ya wakubwa wake. Nikisema watamwona mzembe, wamfukuze, nikinyamaza nitamtazamaje? Nijibu haraka, mshauri, kabla ya Alhamisi, hata maneno mawili yatatosha.

Mama mwenye pipa

JIBU

Mama mwenye pipa, marahaba, na leo ni Jumanne, kwa hiyo mama mkwe avumilie, nitaongea haraka.

Kumwaga maji ni ajali. Kujaza chupa na kunyamaza ulikuwa uamuzi wako, na kila siku unayonyamaza unaamua upya. Ulidhani maji ni yale yale. Yalikuwa yale yale yalipotoka kisimani, kisha yakakaa juani ndani ya plastiki, yakapita kwenye mpira laini. Huenda binti yako amepima pipa lako akadhani anapima kisima, na kosa hilo hawezi kulijua bila wewe.

Unaogopa watamfukuza. Atagombezwa, ndiyo, na ana lake la kujibu, sampuli za kazini hazilali mezani kwa mama. Lakini akisema mwenyewe kabla ya Alhamisi, ni mtu aliyekuta kosa akalirekebisha. Likigunduliwa baadaye, atakuwa mtu aliyefunga kisima kwa maji ya nyumbani kwake.

Achote upya kisimani kwa chupa ya kioo, wewe usiwe karibu. Kilima kikiinuka tena, kisima kibaki kimefungwa. Apime na pipa na mpira wenu, maana maji hayo ndiyo anayokunywa mjukuu. Leo hii anzeni kuchotea kikombe cha bati badala ya mpira. Majibu yakisafisha kisima, nenda kwa mzee mbele ya yule jirani mwenye ulimi, useme kosa lilikuwa lako, kwa sauti ile ile waliyochekea.

Binti akirudi jioni hii usimkaribishe chakula kwanza. Ukianza na chakula utaishia kuosha vyombo. Mwambie pale mlangoni, mkoba ukiwa bado begani, kisha umwache akasirike.