Kidole Mdomoni Siku ya Mafungo

Mpendwa Bi Mwanasha,

Shikamoo. Marahaba yako ilikuwa ndefu, ikifuatwa na habari za mama yangu kule Taita, za miguu yake, na za mvua. Nimeikosa miaka mitatu sasa. Jana shule ilikuwa na mafungo, ndiyo maana nakuandikia.

Unayakumbuka ya kwanza tuliyofanya pamoja? Nilikuja jikoni kwako, hapa shuleni, kukueleza kwamba Jumamosi moja ya Kwaresima wanafunzi na walimu watashinda wakisali na kumsikiliza padri mgeni, na kwamba tangu saa nne hadi misa ya saa tisa hakuna atakayesema neno. Ukaniuliza watakula nini. Nikasema pure, mahindi na maharage, kama kawaida. Ulicheka mpaka ukashika meza. "Yaani mfungo wenu una chakula cha mchana na chai ya saa kumi? Basi kama mnakula, kuleni vizuri." Tangu siku hiyo mafungo yetu yakawa na wali wa nazi na samaki, na wewe, Mwislamu wa Gazi, ndiwe uliyewafukuza wasichana waliokuja kunong'ona dirishani kwako. "Rudini mkasali. Mungu anawangoja."

Kimya nilikisimamia mimi, mwalimu wa dini. Nilikuwa mkali, tena nilijipenda katika ukali huo. Nilikata maboksi, nikaandika KIMYA kwa kalamu nene, nikabandika kila mahali, hata mlangoni pa choo. Mwalimu wa hisabati akikohoa nilimkazia macho. Mada ya mwaka wako wa mwisho ilikuwa "Kusikiliza". Mimi ndiye niliyeichagua.

Siku hiyo nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya kanisa letu dogo, Biblia mapajani, wasichana wa kidato cha pili mbele yangu kwenye nyasi. Ukaja kutoka jikoni, leso kiunoni, mkono mmoja umeshika bega. Hukuwa na kawaida ya kuja upande ule.

"Mwalimu, samahani, nilikuwa nataka..."

Nikaweka kidole mdomoni, nikakuonyesha bango. Wasichana walikuwa wanatutazama, na nilitaka waone kwamba mwalimu wao hatikisiki. Ukatabasamu. "Haya, mwanangu. Nitakungoja." Ukarudi kwenye sufuria zako.

Ulipakua wali ukiwa umeegemea ukuta. Nilikuona. Nikadhani umeninunia, nikajiambia nitakuja kukutania baada ya misa. Baada ya misa jikoni kulikuwa kumefagiliwa, nawe umeshaondoka kwa bodaboda. Jumatatu asubuhi tukaambiwa moyo wako umesimama ukiwa hospitalini. Kufikia alasiri ulikuwa umezikwa.

Nilikuja kwenu nimejifunga leso kichwani. Zuhura, bintiyo, alikuwa mkekani na wanawake wenzake. Akanishika mkono. "Mwalimu, siku ile mama alikwambia kwamba anaumwa? Ulimwona?"

Nikasema, "Hapana. Nilikuwa kwenye mafungo."

Bi Mwanasha, nilimdanganya mtoto wako mbele ya watu waliokuja kukulilia, na kahawa ya tangawizi aliyonipa nikainywa yote.

Niliungama. Padri akaniondolea dhambi, kisha akasema kwamba lililobaki ni kati yangu na huyo binti. Niliogopa. Shule ikamwajiri Zuhura jikoni mwako, na kila asubuhi amekuwa akiniuliza hali ya mama yangu kama ulivyokuwa ukiuliza wewe, nami namjibu huku nikitazama sufuria. Naona haya hata kuliandika hili. Miaka yote hii nimewafundisha wasichana amri za Mungu, kisha nikapita mlangoni pa Zuhura na uongo wangu.

Jana, katikati ya saa za kimya, niliinuka barazani. Wasichana wakanifuata kwa macho. Zuhura alikuwa jikoni, ameketi kwenye mbuzi ya kukunia, anakuna nazi. Aliponiona akaweka kidole mdomoni, akanionyesha bango langu mwenyewe. Nikasema. Nilisema kwa sauti, nadhani hata barazani walisikia, kwamba ulinijia, ulitaka kuniambia kitu, nikakunyamazisha, kisha nikamwambia yeye sikukuona.

Hakuacha kukuna. "Najua," akasema. "Mama aliniambia kitandani. Alikuja kuomba ruhusa aende hospitali. Akasema, mwalimu yuko na Mungu, sikutaka kumkatiza." Akaigeuza nazi mkononi. "Nilikuuliza nikijua. Toka siku ile nakungoja, mwalimu."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwuliza. Aliinuka, akaniachia mbuzi na nusu ya nazi iliyobaki, akaenda kuosha mchele. Nilikuna mpaka kengele ya chakula ilipolia, vidole vinaniwasha, sijui kama ninalia kwa ajili yako au kwa ajili yangu. Wali ulikuwa mzuri, Bi Mwanasha, ingawa nazi yangu ilikuwa na vipande vikubwa na ungenicheka.

Bango la mlango wa jikoni nimelibandua. Mengine nimeyaacha, maana mafungo bila kimya si mafungo, lakini mtu akija kunitafuta nitanyanyuka.

Mungu akulaze pema. Siku ile ulikuja kwangu ukaanza kwa kusema samahani. Neno hilo lilikuwa langu kulisema, na nimechelewa nalo.

Samahani, mama.

Mwanao wa shuleni,
mwalimu wa dini