Kitambaa Mlangoni pa Haji Abolqasem

Shiraz, 12 Tir 2535

Dada Nosrat,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako mwenye miguu iliyovimba. Hujambo? Kifua cha Baba kinaendeleaje na vumbi la Kerman?

Miguu imevimba kwa kuzunguka sokoni. Chama kimetupa kazi sisi vijana wa chuo: kukagua bei. Nina kikosi changu. Tukipita, wenye maduka wanasimama, hata wenye ndevu nyeupe. Mwaka jana redio ilipotangaza kwamba vyama vyote vimekufa, kimebaki kimoja tu chini ya Mfalme, na asiyekitaka achukue pasi aondoke nchini, Baba alisema, "Haya, tujiandikishe wote, na punda wa mchota maji." Mwambie punda hana cheo bado, ila mwana wa Baba ni mkuu wa kikosi.

Juzi tulimnasa mzee mmoja muuza sukari. Koni ya sukari ngumu ya kupasua, ile ile, bei mbili: mama mmoja kauziwa rahisi, mwenzetu kauziwa ghali. Kibao cha bei hana. Nikamuuliza bei ya kweli ni ipi, akanitazama tu. Tukafunga duka na kutundika kitambaa mlangoni: "Pamefungwa kwa ulanguzi." Maandishi ni yangu. Unajua mwandiko wangu unavyosifiwa.

Mdogo wako,
Kiumars

Kerman, 2 Mordad 1355

Mdogo wangu,

Tumezipokea salamu. Baba anakohoa asubuhi, akishapata chai anatulia.

Tarehe nimeweka ya nyumbani, ile ya tangu Hijra. Huo mwaka wenu mpya, unaohesabiwa tangu wafalme wa kale, Baba anasema yeye hana umri huo.

Barua nilimsomea hadi penye cheo chako, nikasema imeishia hapo. Akafurahi. Kisha akauliza mbona karatasi ina upande wa pili.

Kiumars, wewe ulikuwa ukikaa chini ya meza ya duka kuokota chenga Baba akipasua sukari kwa kishoka. Mjane wa fundi viatu aliuziwa chini ya bei ya kununulia. Mke wa mwenye bustani za pistashio aliongezewa kidogo, naye alijua, wala hakununa. Wewe ndiye uliyeuliza kwa nini. Baba akakujibu, "Bei haiandikwi ukutani, baba. Iko usoni mwa mtu." Yule mzee wa Shiraz alikutazama kwa sababu hilo si swali la mtu aliyezaliwa nchi hii.

Hapa kikosi hakijafika mtaa wetu. Una neno huko. Waambie wamwache Baba.

Dada yako,
Nosrat

Shiraz, 20 Mordad 2535

Dada,

Natumaini nyote wazima. Nikimwombea Baba, watasema nalinda wangu. Aandike kibao tu, bei moja kwa wote. Ni jambo dogo.

Mdogo wako,
Kiumars

Kerman, 18 Dey 1355

Mdogo wangu,

Nakuulizia afya yako, yetu usiiulize. Baba tumemzika jana. Nilikupigia simu ya maandishi, labda haikufika.

Alikutii, ujue. Aliandika kibao. Aliona haya kuandika bei ya tajiri, akaandika ya mjane. Watumishi wa mwenye bustani wakaja na mkokoteni, wakazoa koni zote. Mjane alipokuja akakuta rafu tupu. Baba akakishusha kibao, akaagiza sukari nyingine, akarudia desturi yake.

Wakaja mwezi uliopita, wa Azar. Kijana mmoja mwenye nywele za mashavuni akauliza, "Mzee, sukari bei gani?"

"Si kitu mbele yako, mwanangu. Chukua tu."

"Nimeuliza bei."

"Na mimi nimesema karibu. Wewe ni mgeni wangu."

Kila muuzaji hapa husema hivyo, na kila mnunuzi hujua kuomba tena mpaka atajiwe. Yule akaandika: amekataa kutaja bei, ametoa hongo. Halafu akauliza, "Una mtu kwenye Chama?"

Fundi Rajab, mfua shaba wa jirani, akakohoa kwa nguvu ili Baba aseme. Baba akasema, "Sina."

Sikupata kumuuliza alikuwa akikufichia aibu wewe, au akijifichia yeye.

Wakatundika kitambaa mlangoni pa Haji Abolqasem, baba yako. Hakutoka tena, hata msikitini. Nilipotaka kukishusha akanizuia: "Atakishusha mwenyewe aliyekitundika."

Halua ya matanga nimepika mimi. Imeungua kidogo.

Dada yako

Shiraz, 9 Aban 1357

Dada,

Sijui salamu ianzie wapi baada ya kimya hiki. Kama bado unazipokea zangu, hizi hapa.

Umesikia Chama kimevunjwa. Redio imetangaza kama inavyotangaza mvua. Waliokuwa wakigombania kunishika mkono sasa wakiniona wanavuka barabara. Kadi yangu nimeichoma jikoni, moshi wake haujatoka mapaziani.

Habari ya msiba ilinifika. Nilifika stendi ya mabasi na begi mkononi. Nikafikiria kile kitambaa, nikarudi.

Nina swali moja, usinicheke. Mwandiko wa kitambaa chetu ukoje? Mzuri?

Je, naweza kuja kwenye kumbukumbu ya Baba mwezi wa Dey?

Kiumars

Kerman, 25 Aban 1357

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mwandiko ni mbaya, wa mtu mwenye haraka. Si kama wako.

Kitambaa kipo bado, jua limekipausha. Mimi nauzia mlango wa nyuma. Njoo ukishushe.

Dada yako,
Nosrat

Kerman, 20 Dey 1357

Mdogo wangu,

Posta imegoma wiki hizi, barua hii nampa dereva wa basi. Natumaini umerudi Shiraz salama, kwa kuwa najua ulikuja.

Adhuhuri ya kumbukumbu, watu wakiwa kwenye sala, nilirudi dukani kuchukua vikombe. Mlango ulionekana wote, mbao zake zina rangi ya zamani pale ulipofunikwa. Kitambaa kilikuwa kizingitini, kimekunjwa mara nne, pindo kwa ndani. Mama ndiye aliyekuwa akikunja hivyo, na alitufundisha sisi wawili tu.

Umekuja kutoka Shiraz, umekishusha, na hukugonga mlango wa dada yako.

Watu walipotoka msikitini walisimama pale mbele. Fundi Rajab akaniuliza nani kakishusha. Ningeweza kusema upepo. Lakini Baba alisema uongo mara moja kwa ajili yako, na naona haukumsaidia yeye wala wewe. Nikasema, "Ni Kiumars, mdogo wangu. Yule wa Chama."

Nami nilitazama chini, sikukuficha, ila nilitazama chini. Kisha Fundi Rajab akaingia dukani, akainua kishoka cha Baba, akajaribu makali yake kwa kidole.

"Kimekuwa butu," akasema. "Mwambie aje akinoe. Sukari haiwezi kungoja watu wamalize kuona haya."

Dada yako,
Nosrat