Marehemu wa Bangkok

Maman wangu mpendwa,

Jumamosi hii tunatoa kilio chako, kumaliza matanga. Mwaka umetimia, ukumbi wa parokia tumeupata, na wamaman wa kanisa wameshagombana mara mbili juu ya pagne, vile vitenge vya sare, kwa hiyo mambo yako yanakwenda vizuri. Ila kuna kitu kimoja nilichokibeba miaka yote hii, na siwezi kuvua nguo nyeusi nikiwa nacho. Nilikudanganya. Si uongo ule wa kusema nimekula kumbe sijala. Huu wangu ulikua, ukanenepa, ukafika mpaka sebuleni kwetu hapa Jette, Brussels.

Unakumbuka mwaka ule kabla ya korona, nilipokuambia nakwenda kutembea Asia, wiki tano, peke yangu, na begi moja la mgongoni? Uliweka kijiko chini.

"Peke yako? Uligombana na nani?"

Nikasema sijagombana na mtu. Ukaniangalia kama naumwa, halafu ukauliza swali lililonimaliza: "Na utafikia kwa nani?"

Ukweli ulikuwa kwamba nitafikia hosteli, chumba kimoja vitanda kumi vya kupandana, na watu nisiowajua, kwa sababu mshahara wangu wa kuhudumia wagonjwa haulipi hoteli. Lakini nilikutazama usoni nikasema, "Kwa familia, Maman. Familia nzuri za Kikristo." Mpaka leo sijui hao Wakristo niliwatoa wapi.

Uliniamini, na hilo ndilo lililoniponza. Kesho yake ulipanda basi mpaka maduka ya Galerie d'Ixelles, ukarudi na pagne tatu, yadi sita kila moja. "Muntu haingiake mu nyumba ya bantu mikono mitupu," ulisema. "Batasema huyu mutoto hana mama." Ndege yangu ya bei ya chini iliruhusu kilo saba tu. Niliacha viatu, nikaacha taulo, nikapanda nimevaa suruali mbili na koti, natoka jasho kama mfanya magendo, ili wenyeji wasiokuwepo wapate zawadi.

Kuala Lumpur nilipokewa hostelini na kijana mwenye michoro shingoni, anakula tambi. Wala mama, wala familia. Ila mlango wa pili niliona kibao kimeandikwa DOBI, neno letu lile lile, nikasema hapa ni nyumbani. Ndani alikuwepo mama mtu mzima. Nikampa pagne kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, kama ulivyonifundisha. Akaipokea kwa heshima, akaiweka kwenye mizani, akanipa risiti. Kesho yake alinirudishia imefuliwa na kukunjwa. Wewe nilikuambia ameshukuru sana.

Basi nikafika Bangkok na pagne zangu tatu, moja inanukia sabuni, na hapo ukapiga simu ya video. "Nipatie maman wa nyumba nimusalimie."

Maman, chumba kizima kilikuwa vijana na soksi zao. Mtu mzima alikuwa mmoja tu, mwanamke mwenye mvi kwenye kitanda cha chini yangu, Mjerumani wa Köln, anasafiri peke yake kama mimi. Nilikuwa nimejua jina lake tu, Gisela, na kwamba alifundisha Kifaransa mpaka akastaafu. Nikamnong'oneza: tafadhali, dakika mbili tu, uwe mama mwenye nyumba. Akafunga kitabu chake, akaweka sawa nywele, akapokea simu.

"Huyu ni muzungu!" ulishtuka.

"Ameolewa hapa, Maman," nikadakia.

"Ah bon. Na bwana yake iko wapi?" ukauliza kwa Kifaransa.

Gisela akasema kwa Kifaransa safi, bila kupepesa macho, "Ameenda sokoni."

Ukaweka mkono kifuani. "Mwanaume anaendaka ku soko? Donc kweli Mungu iko."

Nilimpa pagne mbele yako, naye akafuta machozi. Nilidhani anaigiza.

Nilipofika Hanoi, muuza supu mmoja aliyenikalisha kila asubuhi kwenye kigoda cha plastiki alipata pagne nyingine, ile ya sabuni nikaivaa mwenyewe, nikarudi Brussels nikijua yamekwisha. Kumbe ulikuwa umeomba namba! Kila Jumapili baada ya misa ulimpigia Maman Gisela. Yeye alikuwa amesharudi Köln zamani, lakini kwa ajili yako alitundika mkeka wa mianzi ukutani, akavaa blauzi ya mikono mifupi katikati ya Januari. Na bwana, kila Jumapili, yuko sokoni. Ukaanza kuguna: "Huyu bwana ananunua nini, soko yenyewe?"

Halafu korona ikafunga dunia. Watu wote wanaogopa, wewe unapiga simu kwa furaha. "Masoko yote ilifungwa, télé ilisema. Donc leo iko ku nyumba. Maman Gisela, umuite!" Nilikuwa jikoni, nikashika sinki. Kisha nikamsikia Gisela akisema taratibu, "Amefariki."

Alimuua, Maman. Hakuwa na njia nyingine.

Tulipofunguliwa tu, uliita wamaman wa kanisa, mkaketi chini kwenye mikeka, mkamlilia mzee wa Bangkok kutwa nzima, na mimi napitisha mikate na maharagi. Aibu ilinizidi, nikaangua kilio. Maman Béa, mkubwa wenu, akanipapasa mgongo. "Muone vile alimupenda." Na mjane, aliyekuambia amerudi kwao Köln baada ya msiba, akaja kwa treni, ile pagne ameishonesha gauni, ukamkalisha pembeni yako. Tangu siku hiyo alikuja kila baada ya miezi miwili. Kila mara nilitaka kusema, na kila mara ulikuwa unamwekea kipande kizuri cha kuku. Mwishowe ukaondoka wewe, nami sijasema.

Juzi nilimpigia Gisela nikamwambia nitawaeleza wamaman ukweli.

"Waambie," alisema. "Mume sikuwahi kuwa naye. Lakini pia sikuwa na mtu wa kuniuliza kama nimekula, mpaka mama yako. Waambie, ila mniachie nafasi yangu kwenye mkeka."

Nikaenda kwa Maman Béa, kule mtaa wa Ganshoren, nikamwaga yote. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Na maharagi tulikula siku ile, ilikuwa ya kweli?"

"Ya kweli, Maman Béa."

"Bon. Basi na kilio ilikuwa ya kweli. Gisela atakaa hapa, karibu na mimi."

Kwa hiyo umebaki wewe tu. Nisamehe, Maman. Nimekukosa mno, hasa Jumapili, na sasa Jumapili nampigia mimi. Jana alikuwa amekula. Ila wewe nakujua. Hukuingia huko mikono mitupu, na tangu umefika lazima unazunguka unamuulizia bwana wa Maman Gisela umsalimie. Na lazima umeanzia sokoni.

Acha kumtafuta, Maman. Hayupo. Keti upumzishe miguu.

Mwanao wa kwanza,
yule muongo