Marehemu Anafua Mashuka

4 Machi

Kaka yangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi ni mzima, na hilo ndilo kubwa la barua hii.

Juzi hapa dobini tulikuwa tunapiga pasi mashuka ya hoteli. Mwenzangu anapenda podikasti za mauaji, huzifungulia sauti tukiwa kazini. Nikasikia habari za lile kundi letu la maombi, ule ua wenye ukuta mrefu, na kiongozi tuliyemwita Baba. Kisha nikasikia sauti yako: "Mdogo wangu walimzika humo humo, na mlinzi wa geti anajua ni wapi." Nikaunguza shuka.

Kaka, mlinzi hakuniua. Ndiye aliyenifungulia geti wenzangu wakiwa kwenye maombi, akaniambia nikimbie nisigeuke nyuma. Nilinyamaza miaka yote kwa sababu Baba alituapia kwamba anayetoroka, watawaendea ndugu zake.

Mdogo wako

15 Machi

Kwako unayejiita mdogo wangu,

Salamu zimefika. Hapa hatujambo, ila barua yako imetuvuruga. Wifi yako anasema ni matapeli, tusubiri tu wataomba nauli. Mimi nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Kama ni wewe kweli, nipigie nikusikie. Namba yangu ni ile ile.

Huyo Baba wenu yuko jela, na kundi limesambaratika. Hana wa kumtuma. Mlinzi alihojiwa akaachiwa, lakini podikasti imemmaliza. Hapewi kazi popote, watu wakimwona wanahamia upande wa pili wa barabara. Mimi mwenyewe nilimtemea mate sokoni.

Kaka yako, kama ni wewe

22 Machi

Kaka,

Umeamkaje baada ya jana? Ulilia kwenye simu mpaka salio langu likaisha, hatukuzungumza la maana, basi naandika.

Leo nimekwenda polisi. Askari aliandika jina langu kwenye kompyuta, akatazama, akanitazama. "Wewe ndiye marehemu?" Nikamwambia ndimi. Akanivutia kiti.

Maelezo yangu wameyachukua. Wewe waambie wale wa podikasti. Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Njoo kunipokea na mlinzi, kama atakubali kuongozana nawe.

Mdogo wako, mzima kabisa

10 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za kazi? Sisi wazima, watoto wanauliza shangazi atarudi lini. Wifi yako anaona haya kwa yale ya matapeli, usimtanie sana.

Wa podikasti wametoa kipindi kipya na kuomba radhi. Jana nilikwenda kwa mlinzi, maana siku ile stendi alikwambia "Umenenepa" basi, akageukia ukutani, nami nikakosa pa kuanzia. Safari hii nikamwomba msamaha kwa yale mate. Akanisogezea kigoda.

"Yale yalikauka siku ile ile," akasema. "Mimi lililonikondesha ni lingine. Polisi niliwaambia alitoka mzima. Lakini je, alifika? Nje ya lile geti ni pori tupu, na nilimtoa peku. Sikuwa na wa kumuuliza."

Kumbe wakati mimi nakulilia huku namlaani, na yeye alikuwa anakulilia. Tulikaa pale barazani mpaka jua likazama, tukizungumza habari zako, na hakuna aliyesema "marehemu".

Kaka yako