Mama Ukutani

Baraka, Siku ya Mungu

Kaka yangu Yaya Déogratias,

Huku tuko bazima, na muhogo umekauka vizuri. Jana kwenye salle, ule ukumbi mukubwa wa parokia, walituonyesha filimu mbili. Ya kwanza ni ya muchekeshaji mumoja wa Kinshasa. Alijichekea mwenyewe saa nzima, sisi tukamuangalia tu.

Ya pili ilikuwa ya mambo ya kweli, juu ya bamama ba hapa Mboko kwenye ziwa, benye kuanika ndagala, samaki zile ndogo. Waliipiga miaka ine iliyopita, Mama akiwa angali muzima. Mara Mama yetu akatokea ukutani, mukono juu, anaongea Kibembe kwa ukali. Chini waliandika kwa Kifaransa: “Tunateseka, mutusaidie.” Kumbe Mama alikuwa anamuambia mutu wa kamera: “Toa viatu vyako juu ya ndagala zangu, wewe uliyelelewa na mbuzi.”

Salle nzima ilicheka mpaka benchi moja ikaanguka. Tulidai warudilie, wakarudilia mara tatu. Kwangu mimi, hakuna filimu inayoipita hiyo.

Siku tulipomuzika Mama mwaka jana, barabara ilifungwa, haukufika. Uliniambia unaogopa kusahau sauti yake. Waliporudilia filimu nimeirekodi na telefone, kadi yake iko ndani ya bahasha hii. Mbele ya kuisikiliza, utoe viatu.

Mudogo wako,
Félicité